Mama akija mjini anaishiwa maneno. Wa Mwanza wenzangu, kwenu ikoje?

MamaMapacha (mwenye uzi):

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite, sitamnunia.

Kila Juni, sikukuu ya Ekaristi ikikaribia, Kisesa na Bujora hapakaliki. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanaingia uwanjani wakati mmoja, atakayevuta watu wengi ndiye mshindi, na vijana wa mjini wanajazana kwenye daladala kwenda kupiga picha na wacheza nyoka. Bulabo, hiyo sherehe ya ngoma, naipenda, nimekwenda tangu nabebwa mgongoni. Jioni tunarudi tumetosheka, kila mtu amebandika stetasi ya fahari ya Usukuma. Halafu unafungua mlango wa nyumba yako, na mle ndani yumo mama mzazi ambaye tangu asubuhi hajaongea na mtu.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili. Ngoma tuziweke pembeni kidogo.

Mama yangu ni wa Kwimba. Kule akisimama kwenye kikao cha ukoo watu wanaacha kutafuna. Mahari ikijadiliwa anaitwa. Mke na mume wakikorofishana wanapelekwa kwake kabla hawajafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ana mdomo, kwa uzuri na kwa ubaya. Sasa mlete kwangu Buhongwa. Siku nzima utamsikia: hamjambo, asante, nimeshiba, mvua inakuja. Kiswahili anakielewa vizuri tu, ila akikiongea ni kama amevaa viatu vya kuazima, anakimbilia kumaliza. Wanangu ni mapacha wa miaka tisa, wanasoma shule ya Kiingereza. Bibi akianza stori, mmoja anajibu "ndiyo bibi", mwingine anachungulia simu ya baba yake. Stori inafia hapo.

Aliyekuwa akiongea naye ni dada wa kazi, binti wa Sengerema. Alasiri walikuwa wanatandika mkeka nyuma ya jikoni, mama anapembua kunde, binti anachambua mboga, na hapo ndipo utajua kumbe mama ana sauti. Siku moja nilikuwa chumbani napiga pasi, dirisha liko wazi, nikamsikia akimsimulia habari za babu yangu mzaa mama. Kumbe babu alikuwa wa chama cha Bununguli, wale waliokuwa wakimfuata nungunungu humo humo shimoni. Mama anaeleza shimo linavyobana, mtu anavyotambaa kwa viwiko, wenzake wanavyobaki mlangoni kwa shimo wametega sikio. Binti anauliza: alishika nini mkononi? Akikutana na nyoka je? Mama anajibu kila swali, anacheka, anarudia palipo patamu. Nikazima pasi nikakaa kitandani kusikiliza. Mimi ni mtoto wake wa tatu, nina miaka arobaini na kitu, habari ile sikuwahi kuisikia. Urithi wa ukoo wangu alikuwa anaupokea binti ninayemlipa mshahara.

Binti akapata mchumba, akaondoka. Haikupita wiki mama akasema anataka kwenda kuangalia mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa yameshavunwa.

Sasa msiniambie niwafundishe watoto salamu. Salamu wanazijua. Mwangaluka asubuhi, mwadila mchana, goti wanapiga vizuri, tunawarekodi, shangazi wa Dar anatuma makopakopa. Baada ya salamu wanasema nini? Nyumbani kwangu hakuna jambo hata moja linalosubiri neno la mama. Mtoto akiumwa tunakwenda zahanati. Mvua tunaiuliza simu. Ugomvi wangu na mume wangu tunaumaliza wenyewe, au hatuumalizi. Mtu ambaye neno lake halisubiriwi hawezi kuongea, hata umwekee mkalimani pembeni.

Kwenu ikoje?

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:

Naweka kiti. Ila hapo kwa dada wa kazi umenichoma. Wangu wa Geita anajua mpaka majina ya ng'ombe wa babu yangu. Mimi sijui hata walikuwa wangapi.

Mpigadebe_Nyegezi:

Uzi mrefu na hauna picha!

Kiswaswadu:

Dada, pole, lakini naona unalia kilio cha tajiri. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi yake mwaka 2009, lugha zilizoorodheshwa ni kama 150, na kwa lugha za makabila Kisukuma ndicho chenye wasemaji wengi kuliko zote. Ukilia wewe, Mzinza afanye nini? Mkara wa kisiwani Ukara afanye nini?

Mimi baba Mkurya wa Tarime, mama Msukuma wa Magu, nimezaliwa Mabatini. Nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu ndicho pekee ambacho hakikumpa mzazi mmoja ushindi juu ya mwenzake. Hakuna aliyeninyang'anya kitu. Mkoa huu kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 3.6. Panda daladala ya Igoma uone: Mhaya, Mjita, Mha, Mkerewe, Mhindi wa dukani. Kila mmoja akidai asubiriwe kwa lugha yake hatufiki Mabatini.

Na nawajua, mtu atakuja kusema tupewe redio za kilugha. Angalieni jirani. Kenya wanazo, za Kijaluo, za Kikuyu, za Kikalenjin. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 mtangazaji wa redio ya Kikalenjin alipelekwa ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Kesi ilifutwa 2016, kwa hiyo sisemi alikuwa na hatia. Nasema tazama tu mambo yanavyoweza kufika mbali.

MamaMapacha:

Sijaomba redio, kaka. Wala sijasema Kiswahili kimeniibia. Mama angesimulia kwa Kiswahili chake hicho hicho cha kukwama, ilimradi awepo anayetaka kujua. Yule binti alikuwa anauliza maswali. Wanangu hawaulizi. Na mimi, kabla ya siku ile ya pasi, nilikuwa nauliza "mama umekula?" tu.

Mwalimu_Mstaafu:

Wanangu, nimefundisha shule za msingi za Magu na Misungwi tangu miaka ya 1970, nisikilizeni kidogo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya shule ya msingi, na tuliamini, na mimi naamini mpaka leo, kwamba bila hicho nchi hii isingeshikana. Shuleni kwetu mtoto akiongea Kisukuma uwanjani alivishwa kipande cha ubao shingoni. Anakaa nacho mpaka amnase mwenzake, amvishe. Juzi nimekwenda kumwona mjukuu wangu Nyakato. Shuleni kwao ubao upo vile vile, na kamba vile vile. Anavishwa anayeongea Kiswahili. Nilicheka mpaka mjukuu akadhani babu ana tatizo.

Kiswaswadu, nakuheshimu, lakini tazama hapo. Kiswahili kilichowanyamazisha bibi zenu, leo chenyewe kinanyamazishwa. Mtoto anafundishwa mapema sana kwamba mtu mwenye akili haongei kama watu wa nyumbani kwao. Akishaliamini hilo, bibi aongee lugha gani ndipo asikilizwe?

Halafu mmeitaja Bujora. Makumbusho yale yalianzishwa na padre Mkanada, David Clement. Mzungu alikaa chini na wazee wa Kisukuma akawasikiliza. Wazee hawakuishiwa maneno mbele yake. Alikuwa anawauliza.

Shemeji_wa_Moshi:

Mimi Mchaga wa Marangu, nimeoa Magu. Nakubaliana na mwenye uzi kwamba lugha peke yake haitoshi. Siku ya mahari kila mtu mle ndani alijua Kiswahili, na bado nusura nirudi Moshi bila mke.

Upande wetu walikuja na bahasha na ratiba: ng'ombe wangapi, kila ng'ombe tunamhesabu kwa shilingi ngapi, tunasaini wapi, basi la jioni saa ngapi. Wazee wakauliza habari za mvua. Wakauliza kama ni kweli ng'ombe wa Uchagani analetewa majani ndani kama mgonjwa. Wakatoka kuteta. Wakarudi, wakakaa kimya. Baba mdogo akaniinamia: "Hawa hawatutaki, tuondoke kabla hatujaaibika." Mshenga wetu, Msukuma wa Kisesa, akamshika mkono. Kumbe tulikuwa tumeshapendwa. Mtu wasiyemtaka wanammaliza haraka akawahi basi lake. Anayetakiwa ndiye anayecheleweshwa, wamwangalie anavyokaa, anavyokula, anavyosubiri.

Basi la jioni halikutuona.

Binti_Malimbe:

Naomba na sisi vijana tuongee maana kila uzi wa hivi tunashambuliwa. Niko mwaka wa mwisho chuo hapa Malimbe, kwetu Misungwi. Mafunzo kwa vitendo nilifanya Dar. Siku ya kwanza tu ofisini nimefungua mdomo, mkaka mmoja akaita wenzake: "Njooni mumsikie ngosha wa kike!" (Ngosha ndivyo wanavyotutania Wasukuma.) Kuanzia hapo nikawa burudani ya saa ya chai. Sema hili, sema lile. Hawakuwa wabaya, walininunulia hadi chapati. Lakini jaribu kutoa wazo kwenye kikao ukiwa burudani. Nikajifunza kuongea kama wao, kwa bidii kuliko nilivyosomea shahada.

Nimerudi Misungwi, mama mdogo ananiita Mswahili wa pwani. Kwa hiyo Dar mimi Msukuma, Misungwi mimi mtu wa Dar, na chuoni kuna wanaonikumbusha kuwa naongea Kiingereza cha shule ya kata.

Nikaanza kurekodi video fupi, naigiza bibi wa Kisukuma aliyepanda mwendokasi kwa mara ya kwanza. Watu wakazipenda balaa. Siku moja bibi mwenyewe akaniona nazitazama, akaniuliza wanacheka nini. Nikamwekea moja. Akaangalia mpaka mwisho, akaniambia: "Huyu bibi ana haki, mlango ulimfungia mguu. Kwa nini hakuna aliyempisha?" Tangu siku ile siigizi tena akiwa mjinga. Siku hizi bibi yangu wa video anawagombeza abiria. Wanaotazama wamepungua kidogo, ila maoni wanayoandika yamekuwa marefu.

Kiswaswadu:

Binti, hiyo ya kumpa bibi wa video maneno makali nimeipenda. Ila ona, umeifanya kwa Kiswahili.

Muuguzi_wa_Kanda_ya_Ziwa:

Nimesoma tangu juu, nimeshindwa kupita. Mimi Mnyakyusa, nimefanya kazi huku miaka mingi. Nyinyi mnaongelea stori za babu, mimi naongelea mgonjwa.

Mzee analetwa, Kiswahili hakimtoki. Aliyemleta ni mke wa mwanawe, kwa sababu mwana yuko kazini. Anaulizwa shida. Anamtazama mkwewe, anatazama dirisha, anasema tumbo. Mkwe anatafsiri kwa uaminifu kabisa: tumbo. Anaandikiwa dawa za tumbo. Baada ya muda analetwa usiku, mkojo umeziba kabisa, tumbo limevimba, anatetemeka. Tezi dume. Ilikuwepo tangu ile siku ya kwanza. Angeitamkaje mbele ya mkwe? Kwa wazee wa huku hata kukaa benchi moja na mke wa mwana ni mtihani, sembuse kumweleza habari za kukojoa ili yeye amweleze nesi wa kike.

Pale mkalimani alikuwepo na maneno yalikuwepo. Mtu wa kuambiwa ndiye hakuwepo.

Mimi nimejiokotea Kisukuma cha wodini, kibovu, wagonjwa wananicheka, acha wanicheke, mzee akishacheka anafunguka. Na mkwe siku hizi namwomba asubiri nje kwanza. Mkimleta mzazi hospitali, msimlete na yeyote aliyekutwa nyumbani. Mleteni na anayestahili kusikia: kaka yake, rafiki yake wa rika, mjukuu wa kiume ambaye wanataniana. Mjukuu ataambiwa yote, tena kwa matusi.

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:

Nesi umenifanya nimpigie baba simu sasa hivi. Amesema hajambo. Sasa sijui ni hajambo ya kweli au ni tumbo.

Mwaloni_Asubuhi:

Nauza dagaa na kayabo Mwaloni, Kirumba. Nimesoma kwa shida, wateja hawaniachi.

Hapa anakuja Mkongo na Kiswahili chake cha kule kwao, Mnyarwanda, Mganda, Mkenya. Wachina wa mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara wanakuja na kikokotoo: anaandika bei, nafuta, naandika yangu, anafuta, tunakwenda hivyo mpaka mmoja atabasamu. Hakuna anayemuuliza mwenzake kabila, na biashara inakwenda, maana kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake anakitaka. Mwenye uzi, mama yako ana kitu. Nyinyi ndio hamkitaki.

Mama mkwe wangu alipofiwa nilimchukua akae kwangu. Sebuleni, mikono mapajani, televisheni inaongea peke yake. Nikaona huyu atakufa kwa kupumzika. Nikamhamishia Igombe, ziwani, tunapoanika dagaa. Nikamwambia mama, vibarua wananiibia, nisimamie. (Walikuwa wananiibia kweli.) Muda si muda ananipigia simu kunigombeza mimi: chanja zimelegea, dagaa wa jana wamelala na unyevu, wale wa Ukerewe waongezee hela, yule mrefu mfukuze, ana mkono mrefu pia. Vibarua wengi ni wa Magu, Kisukuma kinakwenda kutwa.

Likizo wajukuu nawapeleka kule kule. Mwanzo walilia hakuna intaneti. Sasa wanamwogopa bibi kuliko wanavyoniogopa mimi. Yeye ndiye anayegawa samaki, na akigawa anatoa amri kwa Kisukuma. Asiyeelewa anabaki na mkia. Nimeshangaa walivyoelewa upesi.

MtuWaNansio:

Kiswaswadu ametutaja watu wa visiwani, ngoja tuongee.

Ukerewe alikuwepo mzee Aniceti Kitereza. Aliona mila za wazee zinayeyuka mbele ya macho yake, akakaa akaandika riwaya nene kwa Kikerewe, akaimaliza 1945. Akatafuta wa kuichapa kwa Kikerewe, akakosa miaka na miaka. Mwisho akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, uzeeni, na Tanzania Publishing House wakaitoa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Ndiyo maana habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, namna watu walivyokuwa wakiposa, wakilima, wakivua, wakihangaika kutafuta dawa ya kupata mtoto, zimetufikia wajukuu. Mimi Mkerewe mwenyewe nimezisoma kwa Kiswahili. Kikerewe changu kisingemaliza ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo wanaosema Kiswahili ni mwuaji siwaungi mkono. Na wewe Kiswaswadu unaposema hakuna kilichopotea sikuungi mkono vile vile. Kilichobaki kwetu kimebaki kwa sababu mtu mmoja alikuwa king'ang'anizi kwa miaka 35. Kila ukoo una mtu wa namna hiyo? Wa kwangu hauna. Mjomba aliyejua nyimbo za wapiga makasia alifariki, na kilichobaki ni sekunde chache kwenye simu ya mtu, na hapo katikati kuna mtu anakohoa.

Nje_ya_Ndani:

Salamu kutoka Texas. Mama yangu yuko Misungwi. Majira haya tuko nyuma yenu kwa saa nane, kwa hiyo nikitoka kazini saa nne usiku, kwake ni saa kumi na mbili asubuhi, anafungua kuku.

Simu ya picha tumejaribu. Anaweka sikioni. Wanangu wanaijua hereni ya bibi kuliko uso wake. Ukimwambia aishushe anaishusha, anaona sura zetu, machozi yanamtoka, maneno yanakwisha. Kila Jumapili hivyo hivyo. Wanangu wakaanza kujificha bafuni simu ikiita, siwalaumu, nani anapenda kumliza bibi yake?

Kilichotuokoa ni shamba. Nilinunua ekari chache huko huko Misungwi nikamkabidhi. Sharti langu ni kwamba haitoki hata senti huku kabla sijapata ripoti yake kwa sauti. Anaituma kwa simu ya kijana wa jirani. Mwanangu wa miaka 14 ndiye karani: anasikiliza, anaandika mifuko mingapi, nani kalipwa, nani anadai. Kiswahili chake kilikuwa cha "mambo, poa". Mwezi wa kwanza aliandika kwamba tumevuna magunia ya "shida", kumbe bibi alikuwa analalamika. Sasa hakosei. Na siku moja akaniuliza: baba, kwa nini bibi anasema yule jirani ana jicho baya na mahindi yetu? Nilijaribu kumweleza kwa Kiingereza, nikajisikia mpuuzi. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akamtumia swali. Ripoti iliyorudi ilikuwa ya dakika arobaini, na haikuwa na gunia hata moja ndani yake.

Mwaloni_Asubuhi:

Huyo bibi wa Misungwi namtaka Igombe.

MamaMapacha:

Nimesoma wote, hata wa picha. Nesi, Mungu akubariki, nimemtumia kaka yangu maneno yako yote. Mwaloni, hapo pa "nyinyi ndio hamkitaki" palinikasirisha saa nzima, kisha nikaosha vyombo nikatulia.

Kuna jambo ambalo sikuliweka mwanzo kwa sababu ni la ukoo. Upande wa mama tuna kundi la WhatsApp: Dar, Dodoma, Kahama, mmoja Uholanzi. Tangu mwaka uanze wanagombania mpaka wa shamba la babu, watoto wa mke mkubwa na watoto wa mke mdogo. Mmoja kaleta picha ya setilaiti, kachora mstari mwekundu. Mwingine kajibu na wa bluu. Binamu mwanasheria kaandika aya ndefu ambazo naamini hata yeye hajazirudia. Watu wamenuniana mpaka kwenye misiba.

Mama hayumo kwenye kundi. Ana simu ya vitufe. Na mama ndiye aliyekuwepo, msichana mkubwa, siku babu alipopanda minyaa ya mpakani. Minyaa mingine imekatwa, mingine imeliwa na barabara, ila yeye anajua ilianzia wapi na ilipinda wapi kukwepa kichuguu. Nilipouliza kwenye kundi kwa nini mama hajaulizwa, nikajibiwa "tutamjulisha tukishakubaliana". Watu wote mle ndani wamesoma, wawili walimu wa historia. Na si kwamba wanamdharau. Kila mwaka wanamchangia vitenge na bima. Kwao mama ni mtu wa kutunzwa, na mtu wa kutunzwa huwa haulizwi.

Leo nimewaandikia. Kikao Kwimba, shambani kwenyewe, mwezi wa saba. Simu zote mfukoni isipokuwa moja ya kurekodi. Mama ndiye atakayetembea mbele, kutoka mwanzo wa mpaka hadi mwisho, anaeleza kwa lugha anayotaka, sisi tunafuata nyuma. Mwenye ramani aje nayo, tutailinganisha na miguu yake. Wawili wamejiondoa kwenye kundi kwa hasira. Watakuja, nawajua, hawawezi kuacha wengine wasikie peke yao.

Nimempigia kumweleza. Hakusema asante. Aliniuliza nani kamtafutia mtoto wa mke mdogo nauli, maana yule hali yake mbaya, na bila yeye kikao hakikai. Halafu akaanza kunipangia: nani alale wapi, mbuzi atoke kwa nani, mzee gani wa jirani aitwe awe shahidi. Salio langu likakatika akiwa bado anaongea.

Mwalimu_Mstaafu:

Mwite na balozi wa eneo. Na yale atakayosema yaandikwe siku hiyo hiyo, wote watie dole gumba au saini. Ushahidi wa mzee akiwa hai unazuia kesi ambayo akishaondoka haina wa kuimaliza.

Kiswaswadu:

Hapo sina ubishi. Mgogoro wa ardhi unataka shahidi, na shahidi ni mama. Ila bado nasema hilo ni la ukoo. Siku mkiligeuza la kabila, sisi wa makabila mawili mnatuacha barabarani. Swali dogo: mapacha wanakwenda? Na nani atawatafsiria?

MamaMapacha:

Wanakwenda, na hakuna atakayewatafsiria. Wanatembea nyuma ya bibi pamoja na watoto wenzao wa Kwimba. Wasichoelewa watamuuliza. Nawe karibu kaka, Magu na Kwimba ni majirani. Njoo na Kiswahili chako, na ukiwa na mama yako mje wote, wazee wa rika lake hawatoshi siku hizi.